Mtumishi Asiyepewa Jina

Kila tamthilia kubwa ina watu wa namna mbili. Wapo wale ambao majina yao huandikwa juu ya jalada la kitabu, wanaokufa kwa kishindo na kuliliwa na wenye enzi. Na wapo wale wanaoingia jukwaani wameshika barua, au taa, au bakuli la maji, wakasema maneno mawili matatu, kisha wakatoka wasionekane tena. Hawa wa pili aghalabu mtungaji hakujisumbua hata kuwapa majina. Wameandikwa "Mtumishi", "Askari", "Mjumbe", "Mchungaji", basi.

Leo tunapenda kuwazungumzia hawa wa pili. Twauliza: je, ni halali kwa msomaji kufikiri mtu wa namna hii alitoka wapi kabla ya kuingia jukwaani, alilala wapi usiku uliotangulia, na nani alikuwa akimngoja nyumbani? Wako wanaosema kuwa huo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Sisi hatukubaliani nao, na tutajaribu kueleza kwa nini. Twaamini kwamba jinsi msomaji anavyomtazama mtu mdogo kitabuni haiko mbali na jinsi mwenye madaraka anavyomtazama mtu mdogo aliyesimama mbele ya meza yake.

ALIYESEMA "BASI"

Tuanze na Mfalme Lear, tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1608. Katika sehemu ya tatu ya mchezo huo, mtawala mmoja aitwaye Cornwall, pamoja na mkewe Regan, wanamfunga mzee Gloucester kwenye kiti, tena ndani ya nyumba yake mzee mwenyewe. Kosa lake ni kumsaidia mfalme mkongwe aliyefukuzwa na binti zake. Cornwall anamng'oa jicho moja. Anajitayarisha kung'oa la pili. Wamo chumbani watumishi kadhaa, na kazi yao ni kumshikilia mzee asifurukute.

Hapo ndipo mmoja wao anaposema basi. Anamwambia bwana wake kwamba amemtumikia tangu utotoni, na kwamba hajapata kumfanyia utumishi bora kuliko huu wa kumtaka auzuie mkono wake. Panga zinachomolewa. Bwana anajeruhiwa. Regan anatwaa upanga na kumchoma mtumishi kwa nyuma. Anakufa papo hapo, na bwana wake anaamuru maiti yake itupwe jaani. Jicho la pili la Gloucester halikuokoka. Lakini jeraha alilolipata Cornwall ndilo lililomwua, na habari hiyo ilipomfikia mtawala mwenziwe, aliichukua kuwa ni dalili kwamba mbinguni bado kuna haki.

Mtu huyu hana jina. Maneno yake yote hayajazi nusu ya ukurasa. Mwandishi mashuhuri wa Uingereza, C. S. Lewis, katika insha yake iliyoingia katika kitabu cha mwaka 1960, alimtaja mtumishi huyu kwa heshima kubwa, akisema kuwa kama tamthilia ile ingalikuwa maisha ya kweli, basi sehemu ya mtu huyu ndiyo ambayo ingalikuwa bora kuliko zote kuwa nayo.

Nasi twauliza: siku ile asubuhi mtu huyu aliamka vipi? Tunajua jambo moja tu kwa yakini, kwamba alilelewa katika nyumba ile. Kwa hiyo chakula chake chote cha maisha kilitoka katika mkono uleule aliouambia usimame. Kama alijua kushika upanga hata akaweza kumjeruhi bwana mkubwa, bila shaka alifundishwa na watu wa nyumba hiyohiyo. Huenda alipata kuyaona maovu mengine kabla ya hapo akanyamaza. Huenda siku hiyo alikuwa amejiambia tena kuwa atanyamaza. Hatujui ni nini kilichomfanya ashindwe kunyamaza jicho la kwanza lilipokwisha kuanguka, na wala si kabla. Lakini kila anayejiuliza swali hilo amekwisha kuanza kujiuliza juu ya nafsi yake.

Nusura watu wadogo wa mkasa huu wafutwe kabisa. Katika chapa ya mwaka 1608, baada ya wakubwa kutoka, wanabaki watumishi wawili. Wanaambiana kuwa bwana kama yule akifika mwisho mwema, basi hakuna ubaya wanaouogopa tena. Na mmoja anakwenda kutafuta kitani na ute wa mayai ili kumtia mzee katika uso wake unaovuja damu. Katika mkusanyiko mkubwa wa mwaka 1623 mazungumzo hayo hayamo. Na mwaka 1962, Peter Brook alipoutayarisha mchezo huo huko Stratford, naye aliyaacha nje, kwa kuwa alitaka watazamaji wasipewe faraja yoyote. Ute wa mayai ni kitu kidogo. Hata hivyo, katika mchezo wenye wafalme na majeshi, ndio tiba pekee aliyopata mzee yule usiku ule, nayo ilitoka jikoni.

Jambo hili linatugusa sisi watu wa visiwani kwa njia ya pekee. Mwaka 1867, hapa Unguja, Edward Steere alipiga chapa kijitabu kilichoitwa Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na hadithi nne zilizotokana na michezo ya Shakespeare, na ya Mfalme Lear ilikuwa mojawapo. Steere hakutafsiri michezo yenyewe. Alichukua masimulizi mafupi ambayo Charles Lamb na dada yake Mary waliwaandikia watoto mwaka 1807. Na masimulizi yale ya Lamb yaliuruka mkasa wote wa kung'olewa macho Gloucester, pengine kwa kuwahurumia watoto. Kwa hiyo Shakespeare alipoingia mara ya kwanza katika Kiswahili, akiwa hapahapa kisiwani petu, wafalme walishuka pwani wote, na mtumishi akaachwa ng'ambo.

MASWALI MANNE

Ndugu wasomaji wengi wanamfahamu Juliasi Kaizari kwa Kiswahili cha Mwalimu Julius Nyerere, aliyetoa tafsiri yake mwaka 1963 na kuisahihisha mwaka 1969. Humo mna mtu mmoja ambaye husahaulika haraka kwa kuwa huja baada ya hotuba maarufu za Brutus na Antony, wakati masikio ya watazamaji bado yanavuma. Huyu ni Cinna, mshairi.

Cinna anatoka nyumbani akiwa hataki kutoka. Ameota ndoto kuwa amekula karamu na Kaizari, na Kaizari amekwisha kuuawa. Njiani anakutana na kundi la wananchi waliopandwa na hasira. Wanamwuliza maswali manne: jina lake nani, anakwenda wapi, anakaa wapi, na je, ameoa au hajaoa. Anajibu yote kwa adabu na kwa ukweli. Anakwenda mazikoni, akiwa rafiki wa marehemu. Anakaa karibu na Capitol. Hajaoa. Kisha anataja jina lake, na hapo anaangamia, kwa kuwa mmoja wa waliomwua Kaizari naye aliitwa Cinna. Analia kuwa yeye ni mshairi tu. Wanajibu kwamba basi na araruliwe kwa mashairi yake mabaya.

Tunawaomba watumishi wa serikali wanaosoma safu hii wayatazame tena maswali hayo manne. Jina, safari, makazi, ndoa. Hayo ndiyo yaliyomo katika fomu yetu yoyote, iwe ya uhamiaji, ya ardhi, au ya matibabu. Maswali hayana kosa lolote. Cinna aliyajibu yote barabara, na hapana jibu hata moja lililomsaidia kujulikana yeye ni nani. Wale waliomwuliza walikuwa wamekwisha kuamua kabla ya kuuliza.

Basi yeye alikuwa nani? Hapa historia yatusaidia kidogo kuliko kawaida. Roma kweli ilikuwa na mshairi aliyeitwa Helvius Cinna, na wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ndiye mtu huyu ambaye Plutarch ameeleza kifo chake. Rafiki yake Catullus, naye mshairi, aliandika kwa sifa kuwa Cinna alitumia miaka 9 kulikamilisha shairi moja. Miaka 9! La shairi hilo leo yamebakia mabaki machache tu. Msomaji akilijua jambo hili, kisha akarudi kuisoma ile dhihaka juu ya mashairi mabaya, ataona kuwa kundi lile liliua kitu kingine zaidi ya mwili wa mtu.

Watu wa michezo wameliona hilo. Orson Welles alipouonyesha mchezo huu New York mwezi wa Novemba 1937, amewavika wachezaji nguo za siku zile zinazofanana na za mafashisti wa Ulaya, tukio la Cinna ndilo lililowatikisa watazamaji kuliko mauaji ya Kaizari mwenyewe. Na mwaka 2012 Mwingereza Tim Crouch alimwandikia Cinna mchezo mzima, ambamo mshairi ndiye anayetusimulia siku zile kutoka nyumbani mwake. Mtu aliyekuwa na ukurasa mmoja akapata saa nzima.

MCHUNGAJI NA TAARIFA YAKE

Mfano wa tatu watoka Ugiriki, katika mchezo wa Sophocles ambao Samuel Mushi aliutia katika Kiswahili mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Ni mchezo wenye umri wa zaidi ya miaka 2,400, na kila msomaji anajua kisa cha mfalme aliyemwua baba yake na kumwoa mama yake bila ya kujua. Wachache hukumbuka kuwa kisa chote kimeshikwa na mkono wa mchungaji mmoja.

Mtu huyu alikuwa mtumwa wa Laius, mfalme wa Thebes, mzaliwa wa nyumba ile. Alipewa kitoto kichanga kilichotobolewa vifundo vya miguu, akaamriwa akakiue. Akakihurumia. Akampa mchungaji mwenziwe wa Corinth, ambaye walikuwa wakilisha naye mifugo katika mlima wa Cithaeron kwa misimu mitatu, kila msimu miezi sita. Alidhani mtoto atakwenda mbali, na mambo yatakwisha.

Miaka ikapita. Laius aliposafiri, mchungaji huyu alikuwa katika msafara wake. Mfalme akauawa penye njia panda, na katika watu wote yeye peke yake akaokoka. Aliporudi mjini alitoa taarifa kuwa waliowashambulia walikuwa kundi la wanyang'anyi. Haikuwa kweli, aliyeua alikuwa mtu mmoja. Kisha akamwona yule mtu mmoja ameketi katika kiti cha mfalme. Alichofanya ni kumshika mkono malkia Jocasta na kumwomba kwa unyenyekevu ampeleke shamba, mbali kabisa, mahali ambapo mji wenyewe hauonekani. Malkia akampa ruhusa, akiona kuwa mtumishi mwaminifu kama yule angestahili hata kubwa kuliko hilo.

Sophocles hakusema chochote juu ya miaka ambayo mtu huyu aliishi huko malishoni. Edipode na Jocasta walizaa watoto wanne katika muda huo. Mchungaji alikuwa akijua nini, na akijua kiasi gani? Kwamba mfalme mpya ndiye aliyemwua mfalme wa zamani, hilo alilijua bila ya shaka. Je, aliwahi kuuliza juu ya makovu ya miguuni? Je, alipopita mfanyabiashara na kutaja kuwa mjini kuna tauni, alielewa sababu? Neno moja alilolisema, "wanyang'anyi" badala ya "mnyang'anyi", liliificha kweli miaka yote hiyo. Na Edipode mwenyewe, alipoanza kuingiwa na hofu, alilishikilia neno hilo kuwa ndilo tumaini lake la mwisho.

Hapa viongozi wetu wana somo. Mara nyingi taarifa inayofika juu ya meza ya mkubwa imeandikwa na mtu mdogo aliyekuwa na hofu. Karani, tarishi, mlinzi wa usiku, nahodha wa chombo: hao ndio walioona. Wakisema uongo, si lazima iwe wana nia mbaya. Huenda wamekwisha kupima nani ameketi katika kiti na nini kinaweza kuwapata. Mkubwa anayetaka kujua kweli hana budi kwanza kujiuliza kwa nini mtu huyu ameomba uhamisho wa kwenda shamba.

KISIWA NA WENYEWE

Kwa watu wa visiwani, iko michezo miwili ya Shakespeare ambayo hatuwezi kuisoma kama wanavyoisoma watu wa bara kubwa. Wa kwanza ni Tufani, ambao Mushi huyohuyo aliutafsiri mwaka 1969. Bwana Prospero anafika kisiwani na binti yake, akakitawala kwa miaka 12. Lakini kabla yake alikuwapo mwanamke aitwaye Sycorax, mama yake Caliban. Alifukuzwa Algiers akiwa na mimba, mabaharia wakamtelekeza pale ufukweni. Haonekani jukwaani hata mara moja, kwa kuwa alikwisha kufa Prospero alipofika. Na karibu yote tunayoambiwa juu ya ubaya wake twayapata kwa kinywa cha Prospero, mtu ambaye hakupata kumwona kwa macho yake.

Haya si madogo. Twaambiwa kuwa huko Algiers lipo jambo moja alilolifanya ambalo kwa ajili yake hawakumwua. Jambo gani? Mtungaji hakulieleza. Twajua pia kuwa mwanawe alizijua chemchemi za maji matamu na mashimo ya maji ya chumvi, ardhi ya rutuba na ardhi kame, na kuwa yeye ndiye aliyemwonyesha Prospero. Mtu wa kisiwani anafahamu thamani ya elimu hiyo: anayekijua kisima ndiye anayekijua kisiwa. Mwaka huohuo wa 1969, Aimé Césaire wa Martinique, naye mtu wa kisiwa, aliuandika mchezo huu upya kwa Kifaransa, na akampa Caliban nafasi ya kumtetea mama yake.

Mchezo wa pili ni Othello, ambao sehemu yake kubwa inatokea katika kisiwa cha Kupro, kilichokuwa chini ya Venice tangu 1489 hata Waturuki walipokiteka, wakakamilisha kazi hiyo mwaka 1571. Wakubwa wa mchezo karibu wote ni wageni waliofika kwa jahazi siku mojamoja katika dhoruba. Anapita mpiga mbiu kutangaza kuwa watu wote wafurahi, na kwamba majiko yako wazi kuanzia saa kumi na moja za jioni hata saa tano za usiku. Watu wa Kupro walilipokeaje tangazo hilo? Nani aliyepika? Wakubwa wakaleweshana, wakapigana, kengele ya hatari ikagongwa, na mji uliokuwa bado na hofu ya vita ukaamshwa usiku. Hapana mwenyeji hata mmoja wa mitaani aliyepewa mstari wa kulalamika.

Na yuko Montano, aliyekuwa akikitawala kisiwa kabla ya Othello kuletwa. Anapata habari za kubadilishwa kwake, naye anamsifu mrithi wake bila ya kinyongo, akisema kuwa amepata kumtumikia. Usiku huohuo anachomwa upanga alipojaribu kuamua ugomvi wa walevi. Mtumishi wa serikali aliyepata kukabidhi ofisi kwa barua ya mistari mitatu atamjua Montano mara moja, hata kama walimu hawamtaji.

JE, NI HALALI?

Tumesema kuwa wako wanaopinga. Inafaa tuwatendee haki, kwani hoja yao ni nzito. Katika karne ya 19 mwanamke Mwingereza, Mary Cowden Clarke, ambaye alikuwa amekwisha kutoa faharasa kubwa ya maneno ya Shakespeare mwaka 1845, alitunga kati ya 1850 na 1852 hadithi 15 za utoto wa wanawake wa Shakespeare: Portia alilelewa vipi, Ophelia aliona nini alipokuwa mdogo. Watu walizipenda. Mwaka 1904 profesa A. C. Bradley alichapisha masomo yake juu ya tanzia, na mwishoni akaweka maelezo yaliyopima maswali ya namna hiyo kwa makini. Ndipo mwaka 1933 L. C. Knights alipotoa kijitabu chenye jina la kejeli, akiuliza Bibi Macbeth alikuwa na watoto wangapi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu wa tamthilia si mtu. Ni maneno yaliyopangwa. Nje ya maneno hayo hana utoto, wala watoto, wala kesho.

Twakubali kuwa onyo hilo lina faida. Mwenye kumzulia mtumishi wa Cornwall mke, watoto saba na ugonjwa wa kifua, amekwisha kuuacha mchezo na kuanza wake. Si dhambi, lakini asiseme kuwa anamsoma Shakespeare. Hata hivyo, Knights hakulizima jambo lenyewe. Mwaka 1966 huko Edinburgh ulionyeshwa mchezo wa Tom Stoppard juu ya Rosencrantz na Guildenstern, vijana wawili wa Hamlet ambao hata wafalme huonyesha kutowatofautisha vyema. Mwaka uliofuata ukachezwa London, na dunia nzima ikautambua. Stoppard hakuwazulia utoto. Alifanya kinyume chake: aliwafanya wenyewe washindwe kuukumbuka, wajue tu kwamba asubuhi moja alikuja mjumbe akawaita. Huo ndio uadilifu tunaousema. Aliuchukua upungufu wa mchezo wa kwanza akaufanya kuwa msiba wa watu wake.

Kwa hiyo sisi tungependekeza mipaka mitatu. Kwanza, kila tunachomdhania mtu mdogo kitoke katika neno lililoandikwa: mtumishi alilelewa nyumbani, kwa hiyo chakula chake kilitoka humo. Pili, tusimgeuze kila mdogo kuwa shujaa. Askari aliyemshikilia Gloucester mikono naye ni mtu mdogo, na Regan alipata upanga wake kwa mtumishi mwingine. Hao nao walikuwa na asubuhi yao. Tatu, tuyaache wazi yale yasiyojulikana. Katika Mabepari wa Venisi, aliotafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, mkewe Shylock, Leah, anatajwa mara moja tu: ndiye aliyempa pete ya feruzi kabla hawajaoana, pete ambayo binti yao aliibadilisha kwa tumbili. Mstari mmoja, na ghafla yule mkopeshaji tunayemchukia aliwahi kuwa kijana aliyependwa. Lau Shakespeare angalituandikia kurasa kumi za Leah, huenda zisingalifanya kazi iliyofanywa na pete.

TUFANYE NINI

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Chombo kinachoelea kina mikono iliyokiunda, na mikono hiyo haikuandikwa ubavuni mwa chombo. Mtu anayesoma nyaraka za zamani za visiwa hivi anaujua ukweli huo. Atamkuta balozi na mkuu wa mkoa kwa jina na cheo. Lakini wachumaji wa karafuu, wapagazi wa gatini, matarishi na madobi, mara nyingi atawakuta kwa hesabu ya vichwa tu. Nao walikuwa jukwaani. Baadhi ya watoto wao na wajukuu wao wangali hai na wanakumbuka.

Kwa hiyo tunayo maombi matatu. Tunawaomba walimu wa skuli zetu, wanapofundisha tamthilia, wasiishie kuuliza dhamira na wahusika wakuu. Mwanafunzi na apewe mtumishi mmoja asiye na jina, aambiwe aandike ukurasa mmoja juu ya asubuhi yake, na kila sentensi aioneshe imetoka wapi mchezoni. Atausoma mchezo mara tatu kabla hajamaliza. Kisha aambiwe aende kwa bibi au babu yake, amwulize kazi aliyoifanya na nani aliyemwamrisha.

Tunaviomba vikundi vya maigizo visimpe mtumishi mchezaji aliyebaki bila ya kazi. Anayeingia na barua na ajue ameitoa wapi na anaogopa nini. Watazamaji wataliona hilo, hata kama hataongeza neno.

Na tunawaomba wenye madaraka, wakubwa kwa wadogo, kuanzia sheha hadi katibu mkuu, jambo moja jepesi. Mwananchi anapofika dirishani na kuulizwa jina lake, anakokwenda, anakokaa na kama ameoa, aulizwe na swali la tano, ambalo kundi la Roma halikumwuliza Cinna kwa nia ya kusikia: una shida gani? Na mtumishi wa chini anaposimama kumwambia mkubwa wake kuwa jambo hili tusilifanye, mkubwa huyo asikimbilie kuhesabu utovu wa nidhamu. Akumbuke kuwa mtumishi wa Cornwall hakuacha kumtumikia bwana wake. Alikuwa akimzuia asiangamie, na bwana hakuelewa hata jeraha lilipokwisha kumwua.

Maiti ya mtu yule ilitupwa jaani, na hatuambiwi kama kuna aliyekwenda kuizika. Wale wenzake wawili walikuwa na mzee kipofu wa kumshughulikia kwanza. Sisi twapenda kudhani kwamba, mayai yalipokwisha kupatikana na kitani kufungwa, usiku ulipokuwa bado mzito, mmoja wao alirudi na jembe.